Mifuniko Miwili

Saa nane mchana, ukungu wa Newala ulipokubali kuondoka,
Mwalimu Nambunga alivua sweta lake la sufi
akalisugulia bomba jeupe la maji
ambalo halijawahi kupitisha maji.

Mezani mifuniko miwili ya sufuria:
mmoja umelala, waya wake umefungwa kwenye nondo ya dirisha,
mwingine juu yake, una mpini wa plastiki,
katikati vipande vitatu vya kandambili,
unene wa ukucha.
Pembeni chupa ya jemu, na ndani yake
ulimi wa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.
Hakusema sigara za nani.

Akaugusisha mfuniko wa juu na bomba, mara saba.
Ulimi ukainuka kidogo,
kama mtu aliyetaka kujibu akaghairi.

"Sasa hakuna chaji inayoingia, hakuna inayotoka.
Sikujua, njoo uuinue."
Jina langu hilo. Darasa hucheka kila mara.

Nikashika mpini, nikainua.
Mfuniko wa chini unamvuta mwenzake, alisema,
uzito wa korosho mbili; mkono wangu haukuhisi.
Lakini ulimi chupani ulisimama,
ukasimama zaidi,
hadi ukakaribia kioo.

"Chaji ileile! Umbali mara mbili, volti mara mbili.
Na mvuto, kwa hatua fupi kama hizi, haulegei:
mwisho unavuta kama ulivyovuta mwanzo.
Nishati imeongezeka. Imetoka wapi?"

Mmoja akasema bombani. Mwingine, kwenye sweta.
Hakika Mtanda akasema kwa Mungu, akaambiwa akae.

Mimi nilikuwa bondeni.
Saa kumi alfajiri, nyuma ya mama,
ndoo kichwani, njia imesimama kama ukuta,
na uzito hauna huruma ya kupungua
eti kwa kuwa paa za Newala zimeanza kuonekana.
Maji ni yaleyale, hayajazidi kikombe.
Chini hayana bei.
Juu, ndoo shilingi mia tano.

"Mkononi," nikasema. "Imetoka mkononi mwangu."

Akanitazama. "Na kwa Kiingereza?"
Maana mtihani hauji kwa lugha ya mama.
Nikajibu kwa jina langu.

Kisha akachora betri ubaoni, haijafunguliwa waya.
Hapo volti haisogei, betri imeishikilia.
Unavuta, unachoka, na chaji inarudi kwake;
jasho lako linaingia kwake,
na akiba ya mifuniko nayo inamfuata.
Wengine walinakili bila kuinua kichwa.
Mimi nilimtambua huyo betri:
ana hoteli pale sokoni,
mama humpandishia ndoo kumi
kwa bei aliyoipanga yeye, iwe masika, iwe kiangazi.

Kabla ya kengele nikaugusa mfuniko
kwa kidole kilichobabuliwa na mafuta ya korosho.
Cheche. Tik.
Ndogo mno, haiwashi hata kibatari.
Ulimi ukalala.

Mwalimu akavaa sweta, likalia tititi kichwani,
akasoma orodha ya zamu.
Maji ya maabara, Ijumaa: Sikujua.