Kilele Kabla ya Ukingo

Udongo niliuchota Kariobangi, nyuma ya karakana
wanapopaka bampa kromu zing'ae.
Nikausaga Chiromo kwa kinu cha jiwe,
nikaukandamiza ukawa kidonge chembamba,
nikaufunga kwa utepe wa manjano.
Ukapanda ndege. Mimi nilinyimwa viza.

Huko kuna pete, elektroni hukimbizana ndani yake;
zikikata kona hutema eksirei,
si ile ya mifupa pale Kenyatta,
bali iliyochujwa hadi ikabaki uzi mmoja.
Uzi huo huigonga atomi, huing'oa elektroni ya ndani kabisa;
nyingine hushuka kuziba pengo,
na ikishuka hutoa mwako wake.
Kwa njia hiyo kromu hujitaja: ni ya tatu, ama ya sita.

Ya tatu hukaa. Ya sita hutembea,
huingia majini, hupanda na mzizi.

Saa nane usiku faili likafika.
Stima imepotea Ngara nzima,
kompyuta imebaki na asilimia kumi na moja.
Nachora mstari. Unatambaa, unatambaa,
halafu, kabla ya ukingo, kilele kidogo
kama kidole cha mtoto aliyejificha nyuma ya mlango.

Ya sita.

Nyaguthii hunyunyizia sukuma yake pale,
hatua kumi na nne kutoka nilipochimba. Nilihesabu.
Aliniuliza, "Unatafuta nini kwa mchanga wetu?"
Nikasema nitarudi na jibu.

Ninalo sasa. Ni dogo, lingekaa juu ya ukucha.
Sijui nitaanza kulisema kwa neno gani.