Kiti cha Kushoto

Tuliikuta Limbani, nyuma ya banda la kuku,
imelala tumbo chini kama mbuzi mgonjwa,
magurudumu yamezama hadi kitovuni.
Mpapai umepenya kwenye tundu la taa ya kulia
na umezaa.

"Hii ndiyo gari?" akauliza Shaame, mwanafunzi wangu,
aliyezoea pikipiki za Kichina.
Ndiyo hii. Viti viwili, pua ndefu, mgongo mfupi,
gari ya mtu asiye na watoto wengi
au asiyetaka kuwapakia.

Ilikuwa kijani. Nimejua kwa kufungua bawaba:
chini yake, pasipofika jua,
rangi imebaki kiasi cha ukucha,
mbichi kama jani la mkarafuu lililonyeshewa.
Kwengine kote kutu,
kutu ya unga inayopeperuka ukipiga chafya,
kutu ya magamba,
na ile ya ndani, ya kimya,
unayoijua pale spana inapozunguka kwa urahisi
ukafurahi,
kumbe umeshika kichwa cha bolti, mwili umebaki huko.

Nilikuja na orodha ya Bwana Nurdini wa Vuga,
anayefufua nyengine kama hii:
kabureta mbili, zikikubali,
usukani, geji ya mafuta,
kioo cha mbele kama hakina ufa,
rimu za spoku, hata mbili.
Chasisi hakuitaja. Niliigusa kwa bisibisi
ikazama kama katika boga bovu.

Tukamimina mafuta ya taa, tukangoja.
Tukachoma moto, tukagonga, tukangoja tena.
Nati nyengine zilitoka kwa Bismillahi ya kwanza,
nyengine zilitaka tindo na matusi
(matusi nikayameza, mwenye nyumba yuko karibu).

Chini ya kiti cha kushoto, tulipobandua zulia,
hapakuwa na pesa wala barua.
Palikuwa na karafuu, ukufi mzima,
nyeusi, ngumu kama misumari ya viatu.
Shaame akaitia moja menoni:
"Fundi, bado inawasha!"

"Mnashangaa nini?" Bi Zuwena yuko nyuma yetu.
"Hicho kiti cha gunia.
Marehemu akitoka usiku, taa kazizima,
gunia kalikalisha hapo kama bibi harusi,
akishuka nalo pwani.
Jumatatu gunia. Alkhamisi gunia.
Miaka kumi na minne.
Mimi mazikoni nikenda kwa miguu."

Akauvuta mlango, uliobakiwa na bawaba moja.
"Hebu ngojeni kwanza."
Akaketi.
Springi hazikulia, zilikufa zamani.
Sakafu haikuwepo, akakanyaga mchanga wa uani kwake,
akatazama mbele, palipokuwa na kioo,
na kioo tumeshakifunga blanketini.

Sikujua la kufanya. Nilikuwa na spana mkononi,
nikajifanya nahesabu nati.
Shaame, mtoto asiye haya,
akaingia upande wa dereva, akashika hewa
(usukani nao tumeshaung'oa)
akapiga honi kwa mdomo.
Nilitaka kumnasa kofi.

Bi Zuwena hakumgeukia.
"Polepole," akasema, "kona ya Bopwe hiyo."

Wakakaa hivyo.
Kuku mmoja akapita chini ya injini akatokea upande wa pili.

Aliposhuka, gauni lake nyuma lilikuwa jekundu la kutu.
Hakulipangusa.
"Haya, fungueni."

Kabureta moja imepona. Rimu mbili, geji, usukani, kioo.
Nimempa laki mbili na nusu, akazihesabu mara mbili,
mara ya pili kwa sauti.
Kiti hakikuwamo katika orodha ya mtu yeyote.
Tulipokuwa tunapakia, akapaza sauti kutoka barazani:
"Na hayo mapapai, fundi!
Mapapai hayamo katika bei."