Jumamosi Nane za Brisa

Kaka yangu Eliseo ndiye aliyemwita Brisa,
yaani upepo mwanana,
katika mji usiowahi kuonja upepo wa jina hilo.
Huku Punta Arenas upepo hauvumi, unadai.
Kuna njia zilizofungwa kamba kando
ili watu wazima washike wasipeperuke,
na mbwa huyu, kilo thelathini na mbili za manyoya na nia,
alikuwa kamba inayonikokota mimi.

"Nishikie wiki mbili tu," alisema Eliseo,
akapanda ndege ya kwenda migodini kaskazini.
Wiki mbili zikazaa miezi, zikazaa zulia lililotafunwa,
zikazaa kesi na jirani yangu, Don Porfirio,
ambaye kuku wake walikuwa saba.
Walikuwa.

Ndipo nikalipa ada kwa Bi Nélida Vukasović,
mwanamke mfupi, mstaafu wa zimamoto,
mwenye filimbi shingoni asiyoipuliza.
Uwanja wake uko mbele ya ghala la sufu.
Jumamosi nane, saa nne asubuhi,
mvua ikija kwa ubavu.

Jumamosi ya kwanza Brisa aliikojolea koni.
Ya pili aliitafuna.
Ya tatu nilibaki nyumbani nikasema naumwa,
na kweli niliumwa: aibu ni ugonjwa kama mwingine.
Nilikabidhiwa samaki aliyekwisha kukauka,
sasa naambiwa nimkunje.

Nikajifunza kubeba ini la kondoo mfukoni,
vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba.
Jumatatu, benki, mteja akanusa dirishani kwangu,
akakagua soli za viatu vyake.
Nilimgongea muhuri bila kupepesa macho.

"Usiseme mara kumi," Bi Nélida alinikemea.
"Neno likisemwa mara kumi linakuwa hali ya hewa.
Nani hutii hali ya hewa?"
Basi nikasema mara moja.
Kaa.
Upepo ukalibeba, ukalipeleka
kwa kibwa kinene cha Mzee Barría.
Kilikuwa tayari kimekaa. Kikakaa zaidi.

Jumamosi ya sita kulitokea kitu, sijui nikiite nini.
Mfuko wa plastiki ulikatiza uwanja
na mbwa wote wakaufuata, hata kile kinene.
Brisa alitetemeka, mguu mmoja juu,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni,
akanitazama.
Sikuwa nimesema neno.
Hata ini sikuwa nimelitoa.

Ya nane ikawa mtihani. Ngoja.
Unamwacha mbwa katikati, unajificha nyuma ya ghala,
dakika mbili, bila kuchungulia.
Nikaegemea bati linalogwaya, nikahesabu.
Thelathini. Nikamwona Eliseo uwanja wa ndege,
begi moja begani, asigeuke nyuma,
na mbwa akilia ndani ya gari langu.
Arobaini. Nikawaza: ameshakwenda.
Hamsini. Nani angebaki?
Sabini, nikachungulia.

Yupo.
Kusema kweli hakukaa, alisimama,
glavu ya Bi Nélida mdomoni,
lakini palepale nilipomwacha, macho kwenye kona ileile
ambako pua yangu ilikuwa imejitokeza.

Bi Nélida aliandika, akafuta, akaandika.
"Mbwa amefaulu. Glavu nimesamehe.
Wewe ndiye urudi Jumamosi."

Usiku simu ikalia, namba ya kaskazini.
Brisa alikuwa juu ya kochi, mahali asiporuhusiwa,
kidevu gotini kwangu, kizito kama unga uliokandwa.
Iliita mara nne. Mara tano.
Mkono wangu mmoja ulikuwa nyuma ya sikio lake.
Mwingine ulinuka ini.