Mita Elfu Moja

Tulikwenda Mwanga siku za mbalamwezi.
Vipe vimelala Katonga; dagaa hawazifuati taa zetu
mwezi ukiwa umewasha yake.
Mimi, Gwasa, na pesa za msimu mzima
ndani ya kitenge, fundo juu ya fundo.

Feruzi wa duka akatoa tatu, akazipanga kaunta.
Hii, anasema, Mwanza wanaigombania.
Naamini. Ziwa lao sinia,
kula kidogo tu unaona bati.
Letu ni kisima
ambacho aliyekichimba alisahau kuacha.

Ya pili ina rangi.
Nyekundu samaki tele, kijani wachache,
buluu maji matupu.
Nikamgeukia Gwasa. Gwasa akaangalia feni.
Miaka kumi na saba ananivulia,
na ni mimi na mkewe tu tunaojua
kwamba kwake pilipili mbichi na iliyoiva
hutofautiana ulimini.
"Rangi zinakula betri," nikamwambia Feruzi,
wala sikusema uongo:
betri ni moja, volti kumi na mbili,
na kila tone la umeme ambalo kioo kitakunywa
taa imenyimwa.

Basi ya tatu.
Aliinyanyua kwa mikono miwili
kama mtoto mchanga wa jirani.
Mita elfu moja, mama. Hakuna kitakachojificha.

Gwasa akacheka kwa pua.
Nani anaishi huko?
Tuna kamba ya mafundo, kila fundo pima tano;
ukipita la kumi na mbili
wavu unarudi umelowa tu,
unanuka yai viza.
Huko hakuna pumzi, kwa hiyo hakuna migebuka.
Kulipia mita elfu
ni kulipa kodi ya vyumba visivyo na mpangaji.

Hayo nilikuwa nayajua.
Hata hivyo nikaomba niishike.

Nzito. Kioo kimezimwa, cheusi,
kikanionyesha leso yangu na pembe ya uso.
Kashindi, mdogo wangu, alizama nje ya Bangwe
asubuhi ya upepo, mwaka ambao hata makasia
hayakurudi ufukweni,
na kwa dakika moja, Mungu anisamehe,
sikuwa nanunua kitu cha kuvulia.
Nikauliza: "Inaonyesha kisichosogea?"
Feruzi akafikiri, kijana wa watu.
"Chini yote itakuja mstari mmoja, mama.
Mstari mnene."

Nikairudisha kaunta, taratibu,
nikapangusa alama za vidole vyangu.

"Huna nyingine?"

Anayo, chini, nyuma ya maboksi ya feni.
Mtu wa Ujiji aliirudisha, boksi limepotea.
Nyeusi na kijivu. Mita mia tatu.
Vitufe vinene, vya kidole gumba kilichojaa magamba,
na mwanga wake unapungua mpaka kama kaa la sigara,
usimpofushe anayeshika kamba gizani.
Akaiwasha kwa majaribio:
visamaki vya katuni vikaanza kuogelea, vinatabasamu.
Zima hivyo, nikasema.
Naogopa mashine inayochora samaki
kama ninavyoogopa mganga anayetangulia na bei.
Nipe mawingu yalivyo.
Nipe mikwaruzo, Gwasa atajua
lipi kundi la dagaa na lipi povu la mashine.

Gwasa akainama, akatazama kijivu juu ya kijivu,
muda mrefu,
mwanaume anayesoma barua kwa mara ya kwanza
iliyoandikwa kwa mkono wake.
"Hii," akasema.

Tukabishana bei mpaka muadhini akaingilia.
Akatoa elfu thelathini kwa ajili ya boksi,
nikatoa kumi nyingine kwa nguvu.
Bado hatujajua ile pua yake ya kusikilizia
tuifunge mtumbwi wa kulia au wa kushoto.
Gwasa anataka kulia. Mtoto wangu anasema
mlingoti utaitikisa.

Risiti aliandika kwa kalamu inayokatika wino:
Dhamana miezi sita.
Ikiingia maji, haihusiki.