Zamu Yako

Saa nane usiku unanigusa kisigino,
si bega, si shavu, kisigino,
kama ulivyonigusa miaka ile Chikongola
ukirudi bandarini na vumbi la korosho kwenye nyusi
nami napapasa gizani natafuta viatu vya kazini.
"Somoe, zamu yako."
Unajilaza pale nilipotoka, joto bado halijapoa.
Hicho ndicho kitanda tunachokijua:
mtu mmoja, na shimo la mwenzake.

Miaka thelathini na moja tulipishana mlangoni.
Mimi wodi ya majeruhi, Ligula,
wewe juu ya winchi, magunia yakipaa.
Tukapata watoto watatu,
sijui lini.

Sasa tumo humu, mita tisa za fiba
tulizozikuta Mikindani zimelala ubavu kwenye tope,
chaza wamejenga mtaa mzima chini ya tumbo lake,
mwenyewe kafa, warithi hawaitaki.
Kiinua mgongo changu kikawa tanga.
Mikorosho yako ya Nanyamba, mistari sita,
ikawa betri, pampu, usukani,
na kamba ambazo hadi leo tunazichanganya majina.
Dada yako Asumini alikuja na ndoo ya ming'oko ya kuchemsha.
"Hata mbuzi akizeeka hutafuta kivuli," akasema.
"Nyie mnalifuata jua."
Akalia, akaondoka, akaisahau ndoo.
Ndoo tunayo. Tunaogea.

Siku ya sita. Naandika kwenye daftari
kwa mwandiko ule ule wa mafaili ya wagonjwa:
Upepo: wa wastani, hauna homa.
Mwendo: wa mama aliyebeba mtoto mgongoni.
Shelisheli: bado.
Mgonjwa amekula. Mgonjwa analalamikia chumvi.
Mgonjwa ni wewe, Mfaume, usisome huku unacheka.

Siku ya saba tuligombana
kwa sababu ya kopo la maziwa ya unga.
Nchi kavu mtu akinuna ana pa kwenda,
atakaa kibarazani, atakwenda dukani
hata kama hana cha kununua.
Humu utanunia wapi?
Ulikwenda mbele, hatua saba.
Ukarudi, hatua saba.
Ukaniuliza saa ngapi, na saa unayo mkononi.

Siku ya tisa upepo ukakata.
Tanga likaning'inia kama shuka za wodini zilizoanikwa.
Maji yakawa sakafu iliyopigwa deki, hata kuyakanyaga unaogopa.
Ukafungua redio, ikatema mchanga.
Saa nane ikafika, hukunigusa kisigino:
nilikuwa macho, kando yako,
goti langu kwenye goti lako,
na hapakuwa na chochote cha kushikiwa zamu.

Nikakumulika kwa tochi, kwa sababu ya kukosa kazi tu.
Una kovu chini ya kidevu.
"Hili la lini?"
"La winchi. Mwaka tisini na sita."
"Nani alikushona?"
Ukanyamaza kidogo.
"Wewe."

Sikumbuki. Usiku ule palikuwa na foleni,
nilishona videvu, viganja, paja la mtoto wa watu,
na katikati ya foleni, kumbe,
alikaa mume wangu, akasubiri namba yake,
akashonwa, akasema asante sista,
akaenda kulala kwenye joto langu.

"Mbona hukuniita jina?"
"Ulikuwa umechoka."

Nikapitisha kidole pale, polepole.
Nyuzi tano. Kazi safi.
Nikapitisha tena.

Karibu na alfajiri kamba moja ikagonga mlingoti,
mara moja, kisha ikasita,
kama mgeni anayepiga hodi bila uhakika wa nyumba.
Tuliisikia wote wawili.
Hakuna aliyeharakisha kuinuka.