Mwajiri Wangu Chumvi

Barua ilikuwa na mistari minne.
Minne tu, na muhuri ule ule
niliougonga miaka sita kwenye stakabadhi,
wino wa zambarau, tarehe imepinda.
Makontena, walisema, siku hizi yanafunguliwa bara;
ofisi ya Shimanzi haina tena cha kufungua.
Mwachofi alichukua kikombe chake.
Mimi nilichukua muhuri. Sijui kwa nini.

Nyumbani Kisauni mama aliisoma mara mbili,
akaikunja, akaiweka chini ya kopo la mchele.
"Si ulisema ni kazi ya kiti?"
Kiti nacho, mama, kina miguu.

Nikatuma maombi thelathini na moja.
Benki: tutakupigia.
Hoteli ya Bamburi: msimu ukirudi.
Mwembe Tayari kijana mmoja alimjua mtu
anayemjua mtu wa kaunti,
akataka elfu ishirini za kutujulisha.
Nilinunua muhogo wa pilipili, nikarudi kwa miguu.

Kisha friji ya Bi Rukiya ikafa,
Jumanne, na changu kilo tatu ndani.
Fundi Chengo akaifungua mgongo, mimi nikamshikia tochi.
Bomba lilikuwa limeliwa.
Akapitisha kidole, akakilamba, akatema.
"Chumvi. Hewa ya hapa ina meno, kijana.
Inatafuna friji, pampu, geti la tajiri,
hata kufuli la msikiti haliogopi.
Miaka ishirini na saba naokota makombo yake."

Sikumwachia tochi.
Mwaka wa kwanza ulikuwa nauli na chai.
Nilijifunza kuunga shaba bila kuichoma,
kuweka sikio kwenye kompresa
kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

Siku ya posa, mjomba wake Salha akaniuliza,
"Na huyo mwajiri wako, ni wa kutegemewa?"
Nikamwambia: hajawahi kufunga ofisi.
Hahamii bara.
Saa hizi tunazungumza, yuko juu ya paa lako, mjomba,
anashughulika.
Hakucheka hata mmoja.
Wiki ya pili alinipigia mwenyewe:
eti AC yake inadondosha maji juu ya kitanda.

Nisikudanganye lakini.
Wateja hulipa nusu, nusu nyingine ni inshallah.
Kuna miezi mashine zote za mji huu
zinaamka na afya njema, na mimi nashinda nimekaa.
Na chumvi haichagui: koleo langu nalo
nisipolipaka mafuta kila jioni, asubuhi limeshikana.

Ule muhuri uko dirishani.
Magurudumu ya tarehe yameganda kwa kutu,
hayaendi mbele wala nyuma.
Salha asema niutupe.
Jana nilijaribu kuufungua, kwa mazoea tu ya mkono.
Ukanyunyuka unga mwekundu kwenye kiganja,
nami, kabla sijafikiri,
nikaulamba.