Mshona Magunia

Sokoni Kibaigwa mimi ni yule wa shazia.
Gunia likijaa mtama nalifunga mdomo kwa katani,
mishono sita, wa saba fundo,
shilingi mia mbili, lete jingine.
Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi
kuutazama mshono wangu mara ya pili.

Bi Chizuko aliutazama.
Alikuja na watu wa mbegu, wao wakapita, yeye akasimama,
akauliza kwa Kiswahili chake kinachochechemea:
"Mkono huu, ukipewa uzi mwembamba, utafanya nini?"
Nikacheka. Makuli wakacheka zaidi.
Alhamisi nikaenda.

Wanawake kumi na mmoja barazani kwa mama Perisi,
na mimi, magoti yangu hayajui yakae wapi.
Tulifunga punje za mtama ndani ya shuka nyeupe,
punje moja, uzi mara tano, kaza,
punje nyingine, kaza,
hadi nguo ikaota vipele kama mtoto wa surua.
Sechelela akanong'ona: huu ni ushonaji au uganga?

Pipa la nili lilikaa uani, limefunikwa blanketi.
Julai huku upepo unauma,
na nili, tuliambiwa, haipendi baridi:
hula pumba, hunywa maji ya majivu,
na kwao Ujapani huonjeshwa pombe ya mchele.
Sisi tukaipa divai ya Hombolo, kikombe kimoja,
mchungaji asisikie.
Kesho yake ikatoa povu la zambarau
linalometa kama shingo ya njiwa.
Nikainama, nikanusa: zizi,
na udongo siku ya mvua ya kwanza.

Nguo ikazama, ikatoka kijani.
Kijani cha mlenda!
Nikajua tumeharibu.
"Subiri," akasema, "bado haijavuta pumzi."
Hewa ikaishika kuanzia pindoni,
kijani kikaanza kuondoka, polepole,
kama mtu aliyekosea nyumba,
na bluu ikaingia bila kubisha hodi.

Tulipokata nyuzi punje zilimwagika.
Kila ilipolala punje pamebaki pete nyeupe.
Kuku wa mama Perisi walizidonoa zote,
wakashinda na midomo ya bluu.

Kisha sindano. Mshono wa juu, alisema,
uwe mrefu kama punje ya mchele,
wa chini mfupi kidogo, na usiuvute uzi.
Yangu ilikuwa punje za mahindi.
Sechelela alisema hivyo, nami sikubisha.

Wiki ya nne: "Leteni nguo mnayoionea haya."

Nikaleta kaniki ya mama.
Imetoboka magotini, yote mawili,
kwa palizi ya miaka sijui mingapi.
Aliivaa siku aliyoleta ada shuleni,
noti zimefungwa fundo kwenye pembe,
nami nikawaambia wenzangu: huyo muuza karanga.
Alisikia. Alihesabu noti, akaaga kwa adabu
kama muuza karanga.

Bi Chizuko aliiinua kwenye mwanga.
Chini ya weusi akaona bluu.
"Nani aliitia rangi?"
Nikasema, ilitoka dukani. Nikasema, mama.
Nikasema sijui.
Hakuuliza tena. Alikata kipande cha shuka yangu ya pete
akakilaza nyuma ya tundu.

Oktoba aliondoka. Pipa limelala.
Usiku nashona kwa tochi ya simu,
mstari, mstari, kidole kimejaa matobo
ambayo shazia haikuwahi kunipa.
Goti la kulia limekwisha. La kushoto bado,
na sina haraka nalo.

Jana, gunia la uwele, nikajikuta nahesabu:
juu mrefu, chini mfupi, usivute.
"Mzee, lori linaondoka!"
Nikakaza fundo. Nikatazama.
Mishono kumi na minne.
Nimedai mia mbili ileile.